Je, Kusimulia Utoto ni Kuwahukumu Wazazi?



Kila kazi ina namna yake ya kumjaribu mwanafunzi. Mwanafunzi wa useremala hupewa mbao na kuambiwa: tengeneza kiti. Mwanafunzi wa ushonaji hupewa kitambaa na kuambiwa: shona shati. Katika shule za sinema mambo ni vilevile. Mwanafunzi akiisha kujifunza kamera, taa, sauti, na namna ya kuunganisha picha, mwalimu humwambia: sasa tengeneza filimu yako mwenyewe. Iwe fupi, ya dakika kumi, ishirini, pengine arobaini, maana fedha ni kidogo na siku si nyingi. Lakini iwe yako.

Hapo kijana hukaa na kujiuliza: nina nini cha kusimulia? Hajaoa, hajalea, hajatawala watu, hajazunguka dunia. Akitafuta katika ghala yake anakuta mali moja iliyo yake kweli, nayo ni miaka ya utoto wake. Ndiyo sababu, katika nchi nyingi na tangu miaka mingi, wanafunzi wa sinema huanza na filimu fupi juu ya watoto.

Pengine mtu atasema: hayo ni mambo ya vijana wa mbali, yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu. Kwanza, siku hizi hata katika miji yetu vijana wanashika kamera, na asiye na kamera anatumia simu yake. Pili, swali lililofichwa ndani ya kazi yao ni swali la kila nyumba. Mtu aliyekuwa mtoto, je, ana ruhusa ya kuonyesha mbele ya watu yale aliyoyaona kwa baba na mama yake? Akisema kweli, anawavunjia heshima? Na akinyamaza ili kulinda heshima, je, anasema uongo? Tulifikiri jambo hili polepole, kwa mifano.

1. Mlango uliofungwa

Tuanze Moscow, mji mkuu wa Urusi. Huko iko shule ya sinema iliyoanzishwa mwaka 1919, ambayo watu huiita kwa herufi zake, VGIK. Mwaka 1954 aliingia humo kijana aitwaye Andrei Tarkovsky, aliyezaliwa mwaka 1932. Mwalimu wake alikuwa Mikhail Romm. Mwaka 1960 kijana huyo alimaliza masomo kwa filimu ya dakika 46, aliyoiandika pamoja na mwanafunzi mwenzake, Andrei Konchalovsky. Jina la filimu, kwa lugha yetu, ni "Mashini ya Barabara na Fidla".

Habari yake ni ndogo. Sasha ni mtoto wa miaka saba hivi, anajifunza kupiga fidla, chombo kile cha nyuzi kinachopigwa kwa upinde. Wavulana wa nyumba wanayokaa wanamngojea kwenye ngazi, wapate kumcheka na kumsumbua. Siku hiyo anatetewa na Sergei, dereva wa mashini kubwa ya kushindilia barabara. Katika masomo yake Sasha anaanza kupiga kwa moyo wote, lakini mwalimu anamrudisha kila mara kwenye hesabu ya mapigo. Akitoka hapo anamkuta tena Sergei. Mtu mzima huyo anamruhusu kushika usukani wa mashini. Wanakula pamoja chakula cha mchana. Mtoto anampigia fidla, naye Sergei anasikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mtu mkubwa. Kisha wanapatana: jioni tutakwenda pamoja kuangalia sinema.

Lakini jioni mama anakataa. Hamjui mtu huyo. Mtoto hapati ruhusa ya kutoka. Sasha anaandika barua, anaikunja iwe ndege ya karatasi, anairusha dirishani. Barua inaanguka chini na Sergei haioni. Anangoja, anangoja, kisha anakwenda sinema na mtu mwingine.

Basi, ndiyo habari yote. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyekufa. Lakini mwenye kuiangalia anasikia uzito moyoni. Na sasa niwaulize akina mama wanaosoma ukurasa huu: mtoto wako wa miaka saba akikuambia kwamba anataka kutoka usiku na mwanamume usiyemjua, utamwachilia? Hapana. Mama wa Sasha alifanya wajibu wake. Hata hivyo, kwa Sasha, siku hiyo neno la ahadi lilivunjika, na rafiki aliyemtetea aliondoka akidhani amesahauliwa. Mambo haya mawili ni kweli pamoja. Mama alikuwa na haki, na mtoto aliumia. Filimu haisemi kwamba mama ni mbaya. Inachofanya ni kutuweka sisi upande wa ndani wa mlango, pamoja na mtoto, ambako wakubwa hawakai.

2. Mtoto anaona

Mfano wa pili unatoka Uingereza, katika shule ya taifa ya filimu na televisheni. Humo alisoma Lynne Ramsay, aliyezaliwa Glasgow, mji wa Scotland, mwaka 1969. Filimu yake ya kumaliza masomo iliitwa "Small Deaths", yaani "Vifo Vidogo". Mwaka 1996 ilipewa tuzo ya baraza la waamuzi kwa filimu fupi katika tamasha la Cannes, Ufaransa.

Filimu hiyo ina sehemu tatu, nazo zinafuata kukua kwa msichana mmoja. Katika sehemu ya kwanza, msichana ni mdogo. Anamwangalia baba yake akijitayarisha kutoka jioni, nywele zikichanwa, na mama yuko hapo. Hakuna kelele. Baba anatoka, mama anabaki, na mtoto amekwisha kuelewa jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Katika sehemu ya pili, yuko shambani na mwenzake, na mchezo wa watoto unaishia kwa ng'ombe anayekufa. Katika ya tatu amekuwa kijana, na wenzake wanamfanyia mzaha wa ukatili, anadhani mtu ampendaye amekufa, kumbe wanamcheka. Jina la filimu limechaguliwa vema. Mtu haondoki utotoni kwa siku moja. Kila mara kitu kidogo kinakufa ndani yake, na mara nyingi wakubwa hawana habari kwamba kumekuwa na mazishi.

Mfano wa tatu ni wa Jane Campion, aliyezaliwa New Zealand mwaka 1954 na kusoma katika shule ya sinema ya Australia. Mwaka 1982, akiwa mwanafunzi, alitengeneza filimu ya dakika tisa hivi, jina lake "Peel", yaani "Ganda". Mwaka 1986 filimu hiyo ilipata tuzo kubwa ya filimu fupi huko Cannes. Baba, mtoto wake wa kiume na shangazi wa mtoto wamo safarini ndani ya gari. Mtoto anatupa maganda ya chungwa dirishani. Baba anamkataza, mtoto haachi. Baba anasimamisha gari na kumwamuru arudi barabarani kwa miguu aokote kila kipande. Hadi hapa wazazi wengi watasema: baba huyo analea vema. Lakini mtoto akiwa mbali anaokota, shangazi naye anamenya chungwa kando ya gari, na maganda yake yanaanguka chini. Mtoto anaporudi na vipande vyake mkononi, anayaona. Sasa sheria iko wapi? Ni sheria ya wote, au ni sheria ya wadogo tu?

Wazee wetu walisema: siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kata huingia mtungini kila siku, inajua kama maji ni mengi au yamebaki kidogo, kama ni safi au yana matope. Katika nyumba, mtoto ndiye kata. Jirani anaona mlango, mgeni anaona sebule, lakini mtoto ameingia hadi chini.

3. Kipimo cha nani?

Sasa tutoe fundisho la kwanza. Wakubwa tunapopima jambo lililompata mtoto, tunalipima kwa kipimo chetu. Ahadi ya kwenda sinema ni kitu kidogo, atakwenda kesho. Mzaha ni mzaha. Ganda ni ganda. Lakini haki haipimwi hivyo. Mtu akimnyang'anya mjane franka elfu moja na tajiri franka elfu moja, hesabu ni ile ile, lakini uovu si ule ule, maana mjane hana nyingine. Mtoto naye ni maskini wa siku. Ameishi miaka saba tu, jioni moja kwake ni sehemu kubwa ya maisha. Tena ana marafiki wawili au watatu, akipoteza mmoja amepoteza sehemu kubwa ya watu wake wote.

Jambo hili si jipya. Mwafrika mmoja aliliandika zamani kabisa. Agostino alizaliwa Thagaste mwaka 354, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Katika kitabu chake cha Maungamo, alichokiandika kuanzia mwaka 397 hivi, anasimulia jinsi alivyopigwa shuleni akiwa mtoto. Alimwomba Mungu asipigwe, na wakubwa, hata wazazi wake waliompenda, walicheka viboko vyake. Anasema kwamba kwa wakati ule viboko hivyo vilikuwa kwake mateso makubwa. Anaongeza neno la kuchoma: wakubwa nao hucheza, ila michezo yao huitwa kazi, na watoto wakicheza wanaadhibiwa na wakubwa hao hao.

Angalieni, ndugu zangu. Agostino alipoandika hayo alikuwa mtu mzima, askofu, mwenye elimu kuliko walimu wake wote wa utotoni. Angeweza kusema: ah, yalikuwa mambo ya kitoto. Hakusema hivyo. Alirudi akapima kilio cha mtoto kwa kipimo cha mtoto. Kwa hiyo mwanafunzi wa sinema anayeinama hata kamera yake ifike kimo cha mtoto wa miaka saba hafanyi mchezo tu. Anafanya kazi ya haki, kama ataifanya vema.

4. Lakini heshima ya wazazi?

Hapa mzee mmoja wa parokia anaweza kuniinukia na kusema: Mwalimu, unatufundisha nini? Amri yasema, uwaheshimu baba na mama. Tena kitabu cha Mwanzo kinasimulia kwamba Noe alilewa, akalala uchi hemani. Mwana mmoja aliona, akatoka nje akawaambia ndugu zake. Wale wengine wawili walichukua nguo, wakaingia kinyumenyume, wakamfunika baba yao bila kumtazama. Waliobarikiwa ni wale waliofunika. Kijana anayeonyesha nyumba ya baba yake katika sinema anafanana na nani?

Swali hili ni zito, wala sitalikwepa. Ni kweli kwamba wako vijana wanaotumia kamera kama fimbo. Baba alinipiga, sasa nitampiga mimi, mbele ya watu mia. Mama alinidharau, sasa dunia yote itamdharau. Mtu wa namna hiyo haonyeshi utoto wake, analipiza kisasi. Na kosa lake la kwanza ni kosa juu ya kweli, maana anachagua picha zinazomshtaki mzazi na kuacha zile zinazomtetea. Anaonyesha mlango uliofungwa, lakini haonyeshi kwamba mama alikuwa amerudi kazini amechoka, wala kwamba alifunga kwa hofu ya upendo.

Lakini tutazame vizuri habari ya Noe. Wale wana wawili walifunika uchi wa baba yao. Hawakusema kwamba hakulewa. Kufunika ni tendo la upendo, kudanganya ni jambo jingine. Mara nyingi sisi tunaita heshima kitu ambacho ni woga tu. Mtoto anateswa nyumbani, na jamaa wote wanamwambia nyamaza, usimwaibishe baba yako. Hapo tunayemfunika si Noe aliyelala. Tunamfunika mtu aliye macho na fimbo mkononi, na tunamwacha mdogo peke yake na mateso yake. Amri ya kuwaheshimu wazazi haikutolewa iwe pazia la uovu. Mahali mtoto anapodhulumiwa, kusema ni wajibu, na anayepaswa kusema kwanza ni mkubwa anayejua, asimwachie mtoto mzigo huo peke yake.

Je, kati ya kisasi na woga kuna njia? Iko. Turudi kwa yule kijana wa Moscow. Andrei Tarkovsky alikuwa mtoto mdogo wakati baba yake, mshairi Arseny Tarkovsky, alipoondoka nyumbani na kumwacha mama na watoto wawili. Katika filimu yake ya shule baba wa Sasha haonekani, na anayesimama mahali pa baba kwa siku moja ni dereva wa barabara. Miaka ikapita. Mwaka 1975 alitoa filimu kubwa juu ya kumbukumbu zake mwenyewe, iitwayo "Kioo". Humo kutokuwapo kwa baba kunaonekana wazi, hakukufichwa. Lakini sauti inayosoma mashairi ndani ya filimu hiyo ni sauti ya Arseny mwenyewe, akisoma mashairi yake. Na mwanamke mzee anayeonekana humo ni mama wa Andrei. Basi mwana alisema: baba, uliondoka. Akasema pia: baba, na hii ndiyo sauti yako, uliyonipa. Alimpa mshtakiwa nafasi ya kusema, na sauti yake ikawa uzuri wa kazi nzima.

Agostino naye alifanya vivyo hivyo. Alisimulia kwamba wazazi wake walicheka viboko vyake. Hakuficha hasira za baba yake Patrisi. Lakini anapomaliza habari za maisha ya mama yake Monika, anawaomba wasomaji wawakumbuke wazazi wake wote wawili, kwa majina yao, katika sala. Tena kabla ya kusimulia makosa ya wengine na baada yake, anasimulia yake mwenyewe: uongo wake, wizi wake mezani, na mapeari aliyoyaiba usiku akiwa na miaka kumi na sita, bila njaa, kwa kupenda kuiba tu.

Kwa mifano hii nadhani tunaweza kumwekea kijana mwenye kamera maswali matatu. La kwanza: unasimulia ili jambo lieleweke, au ili mtu aumie? La pili: mzazi unayemwonyesha, umempa uso na sababu, au umemfanya kinyago? La tatu: wewe mwenyewe umo katika filimu na makosa yako, au wewe peke yako ndiwe malaika wa nyumba ile? Akijibu vema maswali haya matatu, na asimulie bila hofu. Hajavunja amri. Ameitimiza, maana kumheshimu mtu si kusema kwamba hakukosa kamwe. Ni kusema kweli juu yake kama mtu anayempenda angeisema.

5. Mtoto aliyeazimwa

Liko jambo jingine, ambalo wanafunzi wengi hawalifikiri. Kijana anayesimulia utoto wake hawezi kurudi kuwa mdogo. Lazima amwombe mtoto mwingine asimame mahali pake mbele ya kamera. Mtoto huyo ameazimwa. Ana baba na mama yake, ana jina lake, na utoto wake haujaisha, ndiyo kwanza anauishi. Basi je, ni halali kumliza mtoto wa leo ili kuonyesha machozi ya mtoto wa jana?

Sikieni habari hii ya Marekani. Mwaka 1931 ilitoka filimu iitwayo "Skippy". Mtoto Jackie Cooper, mwenye miaka kama minane au tisa, alipaswa kulia. Machozi hayakuja. Mwongozaji wa filimu, Norman Taurog, ambaye alikuwa mjomba wake kwa ndoa, alimtisha kwamba mbwa wake atapigwa risasi. Mbwa akapelekwa mahali asipoonekana, na mlio wa bunduki ukasikika. Mtoto alilia kweli. Kamera ikapata machozi yake. Mbwa hakuuawa, ulikuwa uongo tu. Taurog alipewa tuzo ya Oscar kwa filimu hiyo, na mtoto naye jina lake likawekwa kati ya waliofikiriwa kwa tuzo ya mchezaji bora. Mwaka 1981, Jackie Cooper akiwa mzee wa miaka karibu sitini, alitoa kitabu cha maisha yake. Jina alilokipa ni "Please Don't Shoot My Dog", maana yake: tafadhali usimpige risasi mbwa wangu.

Miaka hamsini! Tuzo zilikuwa zimepata vumbi, watazamaji wengi wamekufa, lakini ule mlio wa bunduki ulikuwa bado masikioni mwake. Wakubwa walisema: ni mzaha, mbwa ni mzima. Walipima kwa kipimo chao.

Hapa dhamiri haina shaka. Lengo zuri halihalalishi njia mbaya. Filimu inayotaka kutuambia kwamba watoto wasidharauliwe, nayo imemdharau mtoto ili itengenezwe, imejipinga yenyewe. Mtoto aelezwe kwa maneno ayajuayo yatakayofanyika. Mzazi wake awepo. Akisema nimechoka, kazi isimame. Asisemeshwe neno litakaloleta aibu juu yake atakapokuwa mkubwa, kwa maana picha haikui pamoja naye, inabaki vilevile, na leo simu moja yaweza kuipeleka dunia nzima kabla ya jua kutua. Na kama machozi hayaji, yasije. Mtengenezaji mwenye akili ataonyesha mgongo wa mtoto, au mkono wake juu ya kitasa cha mlango, nasi tutaelewa. Katika filimu ya Sasha, ndege ya karatasi inayoanguka bila kuonwa inasema mengi kuliko kilio.

Nasi tusiwanyoshee kidole wanafunzi wa sinema peke yao. Ni wangapi kati yetu wamempiga picha mtoto akilia, au akiwa uchi katika beseni, au akikosea maneno ya sala, na kuituma kwa jamaa wapate kucheka? Tunasema ni mtoto tu. Lakini mtoto huyo atakuwa mwalimu, mama wa watoto, pengine padri, na picha itakuwa bado iko.

6. Sisi tunaokumbukwa

Nimalize na neno kwa wazazi, walimu na wenzangu makatekista. Tunaposikia kwamba kijana ametengeneza filimu juu ya utoto wake, mara tunajiuliza: atasema nini juu yetu? Afadhali tujiulize swali jingine: tunafanya nini leo? Kwa maana watoto walio nyumbani mwetu sasa hivi wanakusanya kumbukumbu. Hawana kamera, lakini macho yao hayafungwi. Wanaona nani anachanwa nywele apate kutoka na nani anabaki. Wanaona kama sheria ya maganda ni ya wote. Wanajua ni ahadi gani tulizotoa na tukazisahau.

Sisemi kwamba mzazi aogope mtoto, au amruhusu kila kitu. Mama wa Sasha alikuwa na haki ya kukataa, nami ningekataa pia. Lakini kati ya kukataa na kukataa liko tofauti. Angeweza kushuka naye ngazi dakika tano tu, amsalimu yule dereva, amwambie: leo haiwezekani, bwana, lakini asante kwa kumtetea mwanangu. Mlango ungebaki umefungwa jioni ile. Ila ahadi isingevunjika kwa kimya, rafiki asingeondoka na uchungu, na mtoto angejua kwamba jambo lake limepimwa kwa kipimo chake.

Dakika tano. Hizo kila mmoja wetu anazo. Basi mtoto akikujia leo na jambo lake dogo, juu ya mpira uliopotea, juu ya mwenzake aliyemcheka, juu ya mtu aliyeahidi asije, usimwambie haraka kwamba si kitu. Keti kwanza. Mwulize ilikuwaje. Baadaye, kama ni lazima, mkatalie. Ukifanya hivyo, siku mwanao atakapokuwa mkubwa na kuanza kusimulia utoto wake, kwa kamera au kwa mdomo tu mbele ya wajukuu zako, atasema kweli yote, na kweli hiyo haitakuwa mashtaka juu yako.